Nyotamkia Haionekani: Kutambua Chanzo cha Tatizo Unapotazama kwa Darubini ya Macho Mawili Nyumbani, Chini ya Mawingu ya Vipande

Nyotamkia inayoweza kuonekana kwa darubini ya macho mawili hudumu angani kwa majuma kadhaa, wakati mwingine kwa miezi, na kwa sababu hiyo anga lenye mawingu ya vipande halimlazimishi mtazamaji kukata tamaa. Ugumu wake ni wa namna nyingine. Chini ya mawingu hayo, mtu asiyeona kitu hana njia ya haraka ya kujua sababu: huenda wingu jembamba lisiloonekana kwa macho matupu limepita mbele, huenda darubini imetoka kwenye fokasi, huenda ameielekeza pasipo, na huenda nyotamkia yenyewe imefifia kuliko ilivyotabiriwa. Watu wengi huyalaumu mawingu kwa kila jambo, wakafunga darubini na kuingia ndani, ilhali tatizo lilikuwa jingine na lingerekebishwa kwa dakika chache.

Kanuni moja inafaa kushikwa tangu mwanzo, na dalili zote zinazofuata zinapimwa kwayo: kabla ya kuamua lolote kuhusu nyotamkia, zitazame nyota zilizo jirani nayo ndani ya duara lile lile la darubini. Nyota hizo zinaonekana kupitia hewa ile ile, mawingu yale yale na lenzi zile zile, na tena tunajua jinsi zinavyopaswa kuonekana, yaani nukta ndogo kali. Kasoro yoyote inayoonekana kwenye nyota imetoka angani au kwenye chombo. Kasoro iliyo kwenye nyotamkia peke yake, huku nyota jirani zikiwa salama, ndiyo inayostahili kutafutiwa maelezo kwa nyotamkia yenyewe.

Pengo linafunguka, kisha linafungwa kabla hujapata mahali

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na chanzo chake karibu kila mara ni kwamba mtazamaji anaanza kutafuta pale pengo linapofunguka. Pengo ni wakati wa kutazama; kutafuta kunapaswa kuwa kumekwisha. Darubini ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za mbele za upana wa milimita 50, kwa kawaida huonyesha eneo la anga lenye upana wa nyuzi 5 hadi 6.5, na ile ya 7x50 huonyesha takriban nyuzi 7. Ukikosea kwa nyuzi 10 tu, nyotamkia iko nje ya duara kabisa, na kuzungusha darubini huku na huku bila mpango kunaweza kumaliza pengo la dakika tatu bila faida.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuandaa njia ya nyota mapema, mchana au jioni, kwa ramani au programu ya anga. Chagua nyota angavu inayoonekana kwa macho matupu, kisha hesabu umbali kutoka kwake hadi kwenye nyotamkia kwa kutumia mkono: ukinyoosha mkono mbele yako, ngumi hufunika takriban nyuzi 10, vidole vitatu vya katikati hufunika nyuzi 5, na kidole cha mwisho hufunika nyuzi 1. Andika maelezo hayo kwenye karatasi kwa maneno mafupi, kwa mfano «ngumi moja na nusu juu ya nyota fulani, kuelekea upande wa kushoto». Anga lingekuwa safi, njia moja ingetosha. Chini ya mawingu ya vipande unahitaji njia mbili au tatu zinazoanzia pande tofauti, kwa kuwa nyota ya kuanzia ndiyo inayoweza kufunikwa wakati nyotamkia iko wazi. Mtazamaji mwenye njia moja tu hulazimika kungoja mapengo mawili kwa pamoja, moja kwenye nyota na moja kwenye nyotamkia, na hiyo ni bahati ya nadra.

Alama za ardhini nazo husaidia sana anayetazama nyumbani, maana anakaa mahali pale pale kila siku. Pengo la kwanza likikupa nafasi ya kuiona nyotamkia, usiitazame tu. Shusha macho mara moja na uangalie iko juu ya nini: pembe ya paa, ncha ya mti, nguzo. Mawingu yakirudi, alama hiyo itabaki. Kumbuka tu kwamba Dunia hujizungusha kwa nyuzi 15 kila saa, yaani nyuzi 1 kila dakika 4, kwa hiyo alama uliyoichukua nusu saa iliyopita imekwisha kuachwa nyuma kwa zaidi ya upana wa duara la darubini.

Kama una stendi ya miguu mitatu na kishikio cha kufungia darubini, mzunguko huo huo unaweza kuutumia kwa manufaa yako. Kitu kilicho katikati ya duara la nyuzi 6 hutoka nje baada ya dakika 12 hivi kikiwa karibu na ikweta ya anga, yaani mstari wa kufikirika angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, na hukawia zaidi kikiwa karibu na ncha za anga, zilizo juu ya ncha za Dunia. Ukiielekeza darubini kidogo upande wa magharibi, ili nyotamkia ikae ukingoni mwa mashariki mwa duara, itachukua takriban dakika 24 kulivuka duara zima, na katika muda huo huna haja ya kugusa chochote: pengo likija, unainamia lenzi na kutazama. Kwa maoni yangu, hakuna kifaa kinacholipa zaidi ya stendi katika anga la namna hii, hata kuliko darubini kubwa zaidi.

Wakati wa kungoja, shusha darubini na uyatazame mawingu kwa macho matupu. Angalia yanatoka upande gani, kisha pima ni dakika ngapi pengo linachukua kusafiri upana wa ngumi moja. Kutokana na hapo unaweza kujua pengo lililo ngumi mbili mbali litafika lini. Mara kwa mara kuna tabaka mbili za mawingu zinazokwenda pande tofauti, moja chini na moja juu, na hapo makadirio huharibika, kwa sababu pengo la chini linaweza kufunguka na kufichua tabaka la juu badala ya nyota.

Kuna kitu chenye ukungu, lakini huenda ni kipande cha wingu

Nyotamkia nyingi ndani ya darubini huonekana kama doa la duara, hafifu, lenye kung'aa kidogo katikati, na kipande kidogo cha wingu kilichomulikwa na Mwezi au taa za mji kinaweza kufanana nalo kwa namna ya kudanganya. Jaribio la kwanza ni mwendo. Wingu hubadilisha umbo na kusogea kati ya nyota ndani ya sekunde chache au dakika moja, ilhali nyotamkia hubaki mahali pake kati ya nyota zile zile. Chora haraka nyota tatu au nne zilizo jirani na uweke doa hilo kati yao. Ukitazama tena baada ya dakika tano na doa likawa pale pale, wingu limekwisha kutolewa katika orodha ya watuhumiwa.

Jaribio la pili ni lile la nyota jirani. Utando mwembamba wa mawingu huifanya kila nyota angavu izungukwe na duara la mwanga hafifu, na nyota ya namna hiyo, ikiwa peke yake katikati ya pengo dogo, inaweza kumfanya mtu aamini amepata nyotamkia yenye kichwa na kiini. Ukiona nyota nyingine ndani ya duara nazo zina ukungu uleule, ulichokipata ni nyota ya kawaida nyuma ya utando. Ukiona doa moja lina ukungu na nyota zote jirani ni nukta kali, endelea kwenye jaribio la tatu.

Jaribio hilo ni la ramani. Anga lina galaksi, nebula (mawingu ya gesi na vumbi yaliyo mbali kati ya nyota) na mafungu ya nyota yanayoonekana kwa darubini ndogo kama madoa yasiyo na ncha kali, na mkanganyiko huu una historia ndefu. Mnamo mwaka 1758, Mfaransa Charles Messier alikuwa akifuatilia nyotamkia alipokuta katika kundinyota la Ng'ombe doa lililofanana nayo lakini lisilosogea, ambalo leo tunalijua kuwa masalia ya nyota iliyolipuka. Akaanza orodha ya vitu vya namna hiyo ili yeye na wenzake wasidanganywe tena, na doa hilo likawa M1, yaani namba ya kwanza katika orodha ya Messier. Hadi leo orodha ya Messier inafanya kazi ile ile aliyoikusudia: kabla ya kutoka nje, angalia kama kuna kitu chochote cha orodha hiyo ndani ya nyuzi 5 za nyotamkia unayoitafuta.

Kama shaka bado ipo, muda utaiondoa. Nyotamkia husogea kati ya nyota. Iliyo mbali huhitaji usiku mmoja hadi mwingine ili mwendo wake uonekane, na iliyo karibu huhitaji saa chache tu. Nyotamkia ya Hyakutake ilipopita umbali wa takriban kilomita milioni 15 kutoka Duniani mnamo Machi 1996, mwendo wake uliweza kuonekana kwa darubini ndani ya dakika chache. Mchoro ulioufanya leo ukiulinganisha na wa kesho utajibu swali ambalo hakuna kukodoa macho kunakoweza kulijibu.

Kuhusu mkia, kumbuka kwamba huelekea upande ulio kinyume na Jua. Nyotamkia iliyo chini magharibi baada ya machweo itakuwa na mkia unaoelekea juu au juu kwa mshazari. Mstari mwembamba wa mwanga uliolala sambamba na upeo wa macho, hasa ukiwa mrefu na ulionyooka, ni wingu la barafu au moshi wa ndege. Ubaguzi upo, nao ni mkia wa kinyume, unaoonekana kuelekea Jua pale Dunia inapopita kwenye bapa la njia ya nyotamkia, kama ilivyotokea kwa nyotamkia ya Tsuchinshan–ATLAS mnamo Oktoba 2024. Hilo ni tukio la siku chache, na hutangazwa mapema kwa kuwa linaweza kukokotolewa.

Nyota zote zimevimba

Hapa nyotamkia haina hatia, na kilichobaki ni kutenganisha wingu na chombo. Geuza darubini haraka kwenye nyota angavu iliyo upande mwingine wa anga, mahali palipo wazi. Nyota hiyo ikiwa kali, basi utando wa mawingu ulikuwa mbele ya eneo la kwanza, na dawa yake ni kungoja. Kama Mwezi upo na umezungukwa na duara kubwa la mwanga, jua kwamba utando wa fuwele za barafu umetanda juu sana, na mara nyingi utando huo hauna mapengo ya haraka.

Nyota ikiwa imevimba kila unapoelekeza, tazama lenzi. Umande hutua kwenye lenzi za mbele pale kioo kinapopoa kuliko hewa yenye unyevu inayokizunguka, na anga lenye mawingu ya vipande baada ya mvua lina unyevu wa kutosha kwa jambo hilo. Lenzi za jicho hupata ukungu kwa sababu nyingine, yaani pumzi na joto la uso. Usifute kwa kitambaa cha shati, maana vumbi lililolowana hukwaruza kioo. Funika lenzi za mbele kila unapongoja pengo, ishike darubini ikielekea chini, na ikilazimu irudishe ndani ikauke yenyewe. Darubini iliyotolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto hupata ukungu papo hapo, na inahitaji dakika kumi au zaidi kabla ya kufaa.

Lenzi zikiwa safi, kinachobaki ni fokasi, nayo inahitaji utaratibu kwa sababu macho mawili ya mtu hayalingani. Funika lenzi ya mbele ya kulia, tazama nyota angavu kwa jicho la kushoto, na uzungushe gurudumu la katikati hadi nyota iwe nukta ndogo kabisa. Kisha funika ya kushoto, na kwa jicho la kulia zungusha pete iliyo kwenye lenzi ya jicho ya kulia, bila kuligusa tena gurudumu la katikati. Fanya hivi kwenye nyota yoyote iliyo wazi, hata ikiwa mbali kabisa na nyotamkia, kisha bandika kipande kidogo cha utepe kwenye gurudumu lisisogee. Usithubutu kurekebisha fokasi kwa kutazama nyotamkia yenyewe. Kwa kuwa haina ncha kali, utazungusha mbele na nyuma bila kufika, na pengo litapita.

Nyota ni kali, mahali ni sahihi, lakini hakuna kitu

Dalili hii ndiyo inayovunja moyo zaidi, na kwa sababu hiyo inastahili subira. Chanzo cha kwanza cha kuchunguzwa ni namna mwangaza wa nyotamkia unavyotangazwa. Katika kipimo cha mwangaza cha wanaastronomia, namba ndogo humaanisha kitu angavu zaidi, na tofauti ya 5 humaanisha mara 100. Nyotamkia ikitangazwa kuwa ya kipimo cha 6, mtu hudhani itaonekana kama nyota ya kipimo cha 6, ambayo kwa darubini ni rahisi mno. Lakini namba hiyo ni jumla ya mwanga wote wa kichwa cha nyotamkia, kana kwamba umekusanywa kwenye nukta moja. Ukiutandaza mwanga huo huo kwenye eneo pana, kila sehemu yake inakuwa hafifu.

Kuna njia nzuri ya kulithibitisha hili kwa macho yako mwenyewe. Galaksi ya M33, katika kundinyota la Pembetatu, ina jumla ya mwangaza wa 5.7, na fungu la nyota la M13 lina 5.8, yaani karibu sawa. M13, iliyo ndogo na iliyokusanyika, huonekana kwa darubini hata pembezoni mwa mji. M33, iliyotanda eneo pana kuliko Mwezi mpevu, hupotea kabisa mara anga linapokuwa na mwanga kidogo. Nyotamkia ya Wirtanen ilipopita umbali wa kilomita milioni 11.6 mnamo Desemba 2018 ilifanana na M33 kwa tabia: jumla ya mwangaza wake ilikaribia 4, lakini kichwa chake kilitanda mno, na waliotazama wakiwa ndani ya miji mikubwa wengi hawakuiona hata kidogo. Kwa hiyo, pamoja na namba ya mwangaza, tafuta pia upana wa kichwa na kiwango chake cha kukusanyika katikati; taarifa za watazamaji, kama zile zilizo kwenye hifadhidata ya COBS inayoendeshwa na kituo cha Črni Vrh nchini Slovenia, hutoa yote matatu.

Chanzo cha pili ni mwanga wa anga lenyewe. Mawingu ya vipande juu ya mji hurudisha chini mwanga wa taa, kiasi kwamba hata pengo lililo safi huzungukwa na kuta zinazong'aa, na mwanga huo huingia jichoni. Mahali penye giza la kweli hali hugeuka: mawingu huonekana kama mashimo meusi mbele ya nyota. Mwezi ukiwapo, mawingu hutawanya mwanga wake kote. Baada ya Mwezi mpevu, Mwezi huchomoza kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku kwa wastani, kwa hiyo siku mbili au tatu za kungoja zinaweza kumpa mtazamaji wa jioni giza ambalo hakuna lenzi inayoweza kulileta.

Chanzo cha tatu ni jicho. Linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili lifikie uwezo wake, na kuitazama simu mara moja ili kuangalia ramani hurudisha kazi nyuma. Tumia taa nyekundu hafifu. Kisha jifunze kutazama kwa pembeni: elekeza macho kando kidogo ya mahali nyotamkia ilipo, bila kuacha kuizingatia, kwa kuwa chembe za jicho zinazohisi mwanga hafifu hazipo katikati kabisa ya retina bali pembeni yake. Gonga darubini polepole kwa kidole. Kitu hafifu kinachotikisika hushikwa na jicho kwa urahisi zaidi kuliko kilichotulia. Hapa pia yajaribu macho yako kwa kitu unachokijua. Elekeza kwenye galaksi ya Andromeda, M31, au nebula ya Jabari, M42, au fungu la Omega Centauri, kulingana na kilicho juu ya upeo wako wakati huo. Vyote vitatu vina mwangaza wa kati ya 3 na 4 hivi. Kama hukioni hicho hata kwa shida, anga la usiku huo halifai kwa nyotamkia ya kipimo cha 7, na hakuna ustadi utakaolibadilisha.

Chanzo cha nne ni taarifa zilizopitwa na wakati. Programu za anga hukokotoa mahali pa nyotamkia kwa vipimo vya obiti yake, na vipimo hivyo husahihishwa kadiri vituo vinavyoendelea kuipima. Programu isiyosasishwa kwa miezi kadhaa inaweza kukuonyesha mahali pasipo. Chukua vipimo vipya kutoka Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachokusanya vipimo vya nyotamkia na asteroidi, au mfumo wa Horizons wa JPL, maabara ya NASA. Angalia pia saa. Majedwali mengi hutoa mahali pa nyotamkia kwa saa 00:00 UTC, yaani saa ya kimataifa, inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane, na mtu aliyezoea kuhesabu saa kuanzia mapambazuko akisahau kubadilisha hukosea kwa saa sita nzima, mbali na tofauti ya ukanda wa saa. Kwa nyotamkia ya mbali kosa hilo halidhuru. Kwa inayopita karibu na Dunia, linatosha kuitoa nje ya duara.

Mwisho, huenda nyotamkia haipo tena kama ilivyokuwa. Nyotamkia ya ISON ilivunjika ilipopita karibu mno na Jua tarehe 28 Novemba 2013, na ATLAS ya C/2019 Y4, iliyotarajiwa kuonekana kwa macho matupu, ilimeguka vipande mnamo Aprili 2020. Kinyume chake pia hutokea: mnamo Oktoba 2007 nyotamkia ya Holmes ilipanda kutoka kipimo cha 17 hivi hadi karibu 3 katika muda usiozidi siku mbili. Utabiri wa mwangaza, basi, uchukuliwe kama makadirio, na taarifa za siku mbili tatu zilizopita zipewe uzito kuliko makala iliyoandikwa miezi kadhaa kabla.

Kuna mapengo juu, lakini chini nyotamkia iliko ni mawingu matupu

Mawingu ya vipande hayakuongezeka huko chini. Ukitazama juu ya kichwa unaona mapengo kutoka chini yake moja kwa moja. Ukitazama kuelekea upeo wa macho unayaona mawingu kwa ubavu, kila moja likiziba pengo lililo nyuma yake. Aidha, kwenye kimo cha nyuzi 30 juu ya upeo wa macho mwanga hupita katika hewa mara mbili ya ile iliyo utosini, na kwenye nyuzi 10 ni zaidi ya mara tano, kwa hiyo hata pengo likipatikana, nyotamkia itakuwa imefifishwa. Kokotoa ni lini itakuwa juu zaidi wakati kuna giza, na uuhifadhi muda huo hata kama ni wa alfajiri.

Nyotamkia iliyo karibu na Jua huleta hatari ya kweli. Usielekeze darubini upande huo kabla Jua halijazama lote, na alfajiri acha kabla halijachomoza. Wingu lililolificha Jua linaweza kusogea ghafla, na mwanga wake kupitia darubini huharibu jicho kwa muda mfupi mno, bila maumivu ya kukuonya.

Taswira inatetemeka, au ni mbili

Kutetemeka hutokana na mikono, na hupungua ukiegemea ukuta, ukikaa kwenye kiti chenye mikono, au ukiegemeza darubini kwenye fagio lililogeuzwa juu chini. Taswira mbili ni jambo jingine. Kama zinakutana unaporekebisha umbali kati ya lenzi za jicho, lilikuwa suala la upana wa macho yako. Kama hazikutani, prizimu za ndani, yaani vipande vya kioo vinavyopinda njia ya mwanga, zimesogezwa na pigo au kuanguka, na darubini inahitaji fundi. Wakati huo huo, funika upande mmoja na utazame kwa jicho moja.

Anayetazama kupitia dirisha lililofungwa hupata taswira za ziada kutokana na kioo, na anayetazama kupitia dirisha wazi husumbuliwa na hewa ya chumba inayotoka nje. Toka nje ukiweza. Usipoweza, zima taa zote za ndani na uielekeze darubini kioo kikiwa mbele yake wima, kisiwe cha mshazari. Mwalimu wa shule Mwingereza George Alcock aligundua nyotamkia mnamo Mei 1983 kwa darubini ya macho mawili akiwa ndani ya nyumba, kupitia dirisha lililofungwa. Siku chache baadaye nyotamkia hiyo, IRAS–Araki–Alcock, ilipita umbali wa takriban kilomita milioni 4.7 kutoka Duniani. Alizijua nyota za anga lake kwa moyo, na hilo ndilo lililomwezesha kutambua doa lisilostahili kuwapo.

Picha zinaonyesha mkia mrefu na rangi ya kijani, nawe huoni

Hakuna kilichoharibika. Kamera hukusanya mwanga kwa sekunde au dakika nyingi, ilhali jicho halikusanyi hata kwa sekunde moja, na katika mwanga hafifu jicho halitambui rangi. Ukijani hutoka kwa molekuli za kaboni zenye atomi mbili zinazong'aa katika mwanga wa Jua, nao huonekana kwa jicho pale tu nyotamkia inapokuwa angavu. Utafute mkia kwa kupitisha darubini polepole kutoka kichwani kuelekea upande ulio kinyume na Jua. Mara nyingi huonekana kama anga lililopauka kidogo, na utando mwembamba wa mawingu huufuta kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Jana iliangaza, leo hafifu

Usihitimishe kwamba inafifia. Chagua nyota mbili za jirani ambazo mwangaza wake umeandikwa kwenye ramani, moja angavu kidogo kuliko nyotamkia na nyingine hafifu kidogo, zikiwa kwenye kimo kinachokaribiana nayo. Toa darubini nje ya fokasi hadi nyota hizo ziwe visahani vyenye upana wa kichwa cha nyotamkia ulichokiona katika fokasi, kisha linganisha. Rudia ulinganisho huo katika mapengo mawili au matatu tofauti. Majibu yakitofautiana kati ya pengo na pengo, ilikuwa kazi ya wingu, na makadirio ya usiku huo yasiandikwe kama kipimo. Andika tu saa, kimo, hali ya mawingu, na kwamba nyotamkia ilionekana. Majibu yakilingana huku nyota zikiwa kali, mabadiliko ni ya nyotamkia yenyewe, na kumbukumbu hiyo ina thamani kwa wanaoifuatilia.